Seli Nyekundu ya Damu na Dhana ya "Kupungukiwa Damu": Mfano wa Pemba

Makala haya yanajadili jinsi umbo la seli nyekundu ya damu linavyoafiki kazi yake, na jinsi istilahi tunazotumia zinavyouficha uhusiano huo. Mtoto aliyepauka viganja, awe Mgogoni au kwingineko Pemba, husemwa kuwa "hana damu", naye hutafutiwa "vidonge vya kuongeza damu". Semi hizi huichukulia damu kama maji ya mtungi: yakipungua, hujazwa. Tunadai kwamba kinachopungua hapa si kimiminika, bali ni uwezo wa seli za aina moja wa kubeba oksijeni.

Baadhi ya seli za mnyama huifaa kazi yake kwa kuongeza kitu: seli ya neva hurefuka, mbegu ya kiume huota mkia. Seli nyekundu ya binadamu, kinyume chake, huacha. Inapopevuka katika uboho hutupa kiini chake, kisha hupoteza mitokondria, na ndani yake hujaa himoglobini. Kwa kukosa mitokondria, haiitumii oksijeni inayoibeba; ni mchukuzi asiyedokoa mzigo. Umbo lake la kisahani kilichobonyea pande zote mbili hupanua utando unaopitisha gesi. Aidha, ingawa kipenyo chake ni maikromita 7 hadi 8, hujikunja na kupenya kapilari zilizo nyembamba kuliko yenyewe.

Ufanisi huo una gharama. Seli isiyo na kiini haiwezi kujikarabati, hivyo huishi siku zipatazo 120 tu. Kila molekuli ya himoglobini hushika atomu 4 za chuma, na mwili huokoa chuma hicho kutoka katika seli zilizokufa ili kuundia nyingine. Minyoo ya safura inyonyapo damu utumboni, akiba hiyo hutoka nje ya mwili. Kimelea cha malaria nacho huingia ndani ya seli hiyo hiyo na kuila himoglobini, na seli haina njia ya kuijulisha kinga ya mwili kwamba imevamiwa, kama zifanyavyo seli zenye kiini.

Pemba ndipo jambo hili lilipodhihirika kwa uchungu. Katika jaribio lililohusisha watoto 24,076 wa umri wa mwezi 1 hadi 35, wakati malaria ilipokuwa imeenea mno kisiwani, baadhi yao walipewa chuma na asidi ya foliki kila siku. Mwaka 2003 utoaji huo ulisimamishwa. Matokeo yaliyochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2006 yalionyesha kwamba waliopewa walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 12, wa kufariki au kulazwa. Hata hivyo, katika kundi dogo lililopimwa damu na kutibiwa malaria kwa karibu, watoto waliopungukiwa chuma kwa hakika walinufaika.

Kwa mtazamo wetu, neno la zamani *safura* lina ubora ambao "upungufu wa damu" hauna: humtaja mgonjwa aliyepauka pamoja na minyoo iliyomfikisha hapo. "Upungufu wa wekundu wa damu", istilahi inayotumika katika maandishi ya afya nchini Tanzania, nayo yaikaribia seli yenyewe, kwani wekundu ndiyo himoglobini. Lakini haisemi wekundu huo umekwenda wapi, na mzazi anayepewa vidonge anahitaji kuambiwa hilo kwanza.