Dawa mbili za mafuta, misuli taabani

Mapaja yakiuma bila kazi nzito na mkojo ukawa mweusi kama strungi, usikimbilie kulaumu uzee. Huenda ni dawa zako za kolesteroli.

Agosti 2001 kampuni ya Bayer iliondoa sokoni serivastatini baada ya vifo zaidi ya 50. Baadhi ya marehemu waliimeza pamoja na jemfibrozili, dawa nyingine ya mafuta ya damu. Jemfibrozili huzuia mwili kuivunja statini, ikarundikana katika damu. Seli za misuli hufa, na mabaki yake huharibu figo.

Simvastatini, ingali madukani, nayo haipatani na jemfibrozili. Taabu ni kwamba sisi wa mjini huandikiwa hii kliniki moja, ile kliniki nyingine. Beba pakiti zote umwonyeshe daktari. Maumivu yakianza, mwone siku hiyo hiyo.