Sumu ni Silaha ya Mwisho

Aghalabu mwenye nyumba hatambui kuwa amevamiwa ila usiku asikiapo mkwaruzo darini, au asubuhi akutapo mkate umegugunwa na kinyesi cheusi, kidogo kama punje ya mchele, kimetapakaa nyuma ya kabati. Hapo ndipo mtoto hutumwa dukani mbio akanunue sumu. Sumu huua panya wawili watatu, watu wa nyumbani hustarehe juma moja, kisha mkwaruzo hurejea pale pale. Lawama hutupiwa sumu kuwa ni hafifu, ilhali tundu lililompitisha panya wa kwanza lingali wazi, na makombo yaliyomshawishi akae yangali chini ya meza. Vita hivi hupiganwa mlangoni na jikoni, na aanzaye na sumu huwa amekwisha kuchelewa.

Panya ni mnyama mwenye hila na dhuria nyingi. Jike hubeba mimba kwa muda wa wiki tatu tu, na watoto wake huanza kuzaa kabla hawajatimiza miezi mingi. Meno yake ya mbele hayakomi kukua maisha yake yote, kwa hiyo hana budi kuguguna: mbao, sabuni, hata waya za umeme, ambazo zikichunika huweza kuunguza nyumba nzima. Tundu la sentimita mbili laweza kumtosha panya mchanga, na kipanya hupenya kwenye ufa unaoingia kalamu ya risasi.

Hata hivyo, panya mwenyewe hutuonyesha njia yake. Hupenda kupita akiuegemea ukuta, na manyoya yake huacha juu ya chokaa mstari mweusi wa mafuta na uchafu. Mwenye kuufuata mstari huo kwa taa, taratibu, hufikishwa mpaka kwenye mlango wa adui. Tundu hilo lijazwe waya wa kusugulia sufuria, kisha lizibwe kwa saruji, maana tambara na karatasi kwake si kizuizi. Chini ya mlango wa mbao papigiliwe kipande cha bati, na matawi ya mwembe yaliyolala juu ya paa yakatwe, kwani panya wa darini ni mkwezi hodari.

Kwamba kuua si sawa na kujikinga, tauni ni ushahidi. Wilaya ya Lushoto, katika milima ya Usambara, ilisumbuliwa na maradhi hayo kwa miaka mingi tangu 1980. Tauni huchukuliwa na viroboto walio mwilini mwa panya. Naye panya akifa na mwili wake ukapoa, viroboto humwacha wakatafuta damu nyingine yenye joto, na huenda ikawa ya binadamu aliyelala chumbani humo. Kwa sababu hiyo, penye tauni viroboto huangamizwa kwanza, ndipo panya wafuatie.

Mchwa ana desturi nyingine, naye hubisha hodi kutoka chini. Tazama kwenye pembe ya msingi: utaona mshipa mwembamba wa udongo umepanda ukutani kuelekea kwenye fremu ya dirisha. Ukiukwangua kwa msumari, ndani yake utawaona vibarua weupe, laini, wasio na macho, wakitaharuki kwa mwanga na hewa kavu. Uache mshipa huo ulivyovunjika. Ukikuta kesho yake au siku ya pili umekwisha kuzibwa, basi yakini kundi lingali hai na kazini. Mafundi wa mwambao walilijua jambo hili tangu kale, wakaezeka nyumba za mawe kwa boriti za mikoko kutoka Lamu na delta ya Rufiji, miti ambayo mchwa haivamii kwa urahisi. Ajengaye leo kwa mbao laini, na ahakikishe zimetiwa dawa, na kifusi kinyunyiziwe dawa kabla ya kumwagwa zege. Na aliyekwisha kujenga asipange kuni kando ya ukuta, wala asiache bomba livuje, kwa maana unyevu ndio uhai wa mchwa.

Wako na waharibifu wasiohitaji tundu, kwa kuwa twawaleta kwa mikono yetu. Kunguni husafiri ndani ya kitanda kilichonunuliwa mkononi. Mende huja katika maboksi ya dukani. Na dumuzi, ambaye asili yake ni Amerika ya Kati, aliyejulikana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kubandikwa jina la Scania, huingia ghalani kwa gunia moja la mahindi. Kila kiingiacho kikaguliwe uani kwanza. Juu ya mende, inafaa kujua kwamba jike wa wale wadogo wa jikoni hubeba kifuko chenye mayai 30 hadi 40, ambayo dawa ya kupuliza haiyafikii. Lakini mende huvumilia njaa kuliko kiu, hivyo karo likaushwe na vyombo vichafu visilale.

Sumu ikibidi, itumiwe kwa hadhari, mbali na watoto na chakula. Baadhi ya sumu hizo humuua hata paka amlaye panya aliyezinywa, na bundi kadhalika, ndege ambaye twamfukuza kwa mawe tukidai ni uchuro ilhali usiku kucha hutuwindia panya bila ujira.

Mwisho, panya hana hati ya nyumba wala haheshimu ua. Mpangaji akiosha vyombo na mwenye nyumba asizibe tundu, au mtaa mmoja ukifunika mapipa na wa pili ukatupa taka mtaroni, kazi ya mmoja hubatilika. Kwa hiyo majirani na wakubaliane siku moja kabla ya masika, washike taa, wazunguke kuta zao pamoja, na gharama ya mfuko wa saruji waigawane.