Kijiji Kidogo na Hesabu ya Watu Wake

Watu wengi hudhani ya kuwa kijiji kidogo hakina uzito mbele ya serikali, kwa sababu nyumba zake ni chache, duka lake ni moja, na jina lake halionekani katika ramani. Wanakosea. Hesabu ya watu wake husaidia kuamua zahanati ijengwe wapi na fedha kiasi gani zipelekwe huko. Yafaa basi kila mwenye nyumba afahamu jinsi kijiji kinavyohesabiwa, na cheo chake katika utawala.

Katika Kenya ya zamani Waafrika hawakuhesabiwa mmoja mmoja. Maofisa walitazama daftari za kodi ya nyumba, kisha wakakisia. Hesabu ya kwanza iliyowaingiza Waafrika wote ilifanywa mwaka wa 1948, nayo ilionyesha watu wapatao milioni 5.4 katika nchi nzima. Mwaka wa 1969 walikuwa 10,942,705, na mwaka wa 2019 wakafika 47,564,296.

Katika hesabu hiyo ya 2019 kila mtu aliandikwa mahali alipolala usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti. Kijana aliyelala Nairobi aliandikwa Nairobi, ijapokuwa shamba la baba yake liko Siaya. Na mgeni aliyelala kijijini aliandikwa kijijini. Kwa hiyo kijiji ambacho vijana wake wamekwenda kutafuta kazi mjini huonekana kidogo kuliko wazee wanavyodai, wala hilo si kosa la karani.

Wako wanaotaka kuziba pengo hilo kwa kutaja watu wasiokuwako, kwa kuwa hesabu ni fedha. Kanuni ya kwanza ya kuzigawia kaunti mapato ya nchi, iliyopitishwa mwaka wa 2012, iliweka sehemu 45 katika kila 100 kwa wingi wa watu. Lakini uongo huleta hasara. Mwaka wa 2010 serikali ilikataa hesabu ya wilaya 8 za kaskazini, ikisema ya kuwa watu walioandikwa walizidi mno wale ambao uzazi na vifo vingeweza kueleza. Shauri hilo likaingia mahakamani, na hata wale waliosema kweli wakatiliwa shaka pamoja na wengine.

Tukija kwenye cheo, vijiji kadhaa hufanya kata ndogo, yenye naibu wa chifu. Na kata ndogo kadhaa hufanya kata, yenye chifu. Vitabu vya hesabu ya watu huishia kwenye kata ndogo, ndiyo sababu msomaji akitafuta jina la kijiji chake halioni. Hata hivyo mzee wa kijiji ndiye ajuaye kila mlango, na makarani wa hesabu humtegemea awaongoze.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka wa 2012 ilikipa kijiji nafasi mpya. Bunge la kaunti ndilo linalopanga vijiji, likitazama wingi wa watu, umbo la nchi, udugu na desturi za wenyeji, na njia za mawasiliano. Kijiji hupata msimamizi, pamoja na baraza la wazee wasiopungua 3 wala kuzidi 5. Jirani zetu wa Tanzania wamekwenda mbali zaidi, maana kwao kijiji kilichoandikishwa kinaweza kumiliki mali na hata kushtaki kwa jina lake, na watu wazima wote hukutana katika mkutano mkuu.

Basi mwenye nyumba na aulize barazani kijiji chake kimo katika kata ndogo gani, na karani wa hesabu akibisha hodi, amtajie wote waliolala humo: mtoto mchanga, bibi kizee na mgeni pia, bila kuongeza wala kupunguza. Haba na haba hujaza kibaba.