Kusafisha Filamu Nyumbani

Wengi hudhani ya kuwa taa nyekundu haidhuru filamu. Hata mimi nilidhani hivyo, nikapoteza picha zote 36 za arusi ya dada yangu: filamu ilitoka nyeusi tupu, naye mpaka leo hanipi kamera yake. Taa ile ni ya karatasi za kuchapia. Filamu huzungushwa katika gurudumu lake na kutiwa koponi gizani kabisa, kwa kupapasa. Jizoezeni kwanza kwa filamu iliyoharibika.

Kopo likiisha kufungwa, washa taa. Sasa adui ni joto. Filamu ya Ilford HP5 Plus katika dawa ya ID-11 isiyozimuliwa yataka dakika 7 na nusu, kwa digrii 20. Maji yetu ya bomba mara nyingi huzidi hapo. Dawa hufanya kazi upesi mno, na nyuso katika picha hutoka nyeupe kama karatasi. Basi tia chupa katika beseni la maji na barafu, upime. Pindua kopo mara 4 kila dakika ianzapo.

Hufuata dawa ya kukaza picha, kisha maji mengi. Anika pasipo vumbi, kwani kila chembe iliyoganda huonekana katika skana kama doa jeupe.