Ruta inayojizima: Usivuke mpaka kununua nyingine kabla ya kuichunguza

WAFANYABIASHARA wanaovuka mpaka wa Mugina, na sisi tuliorejea nchini kutoka Tanzania, tuna mzigo mmoja ambao zamani haukuwapo. Ni kile kisanduku kidogo cha kugawa intaneti, maarufu kwa jina la ruta. Kinanunuliwa Kigoma, kinaviringishwa kwenye kitenge ili kisigongwe njiani, kinapita forodhani, na jioni yake kinawashwa Mabanda, Nyanza-Lac au Rumonge.

Baada ya miezi kadhaa malalamiko huanza. Kinazima chenyewe, kinawaka tena, intaneti inakatika katikati ya mazungumzo. Mwenye nacho akiuliza, jibu analopewa karibu kila mahali ni moja: "Kimekufa hicho, nunua kingine."

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Nilisoma Mishamo, katika makazi ya wakimbizi wa mwaka 1972, nikarejea nchini mwaka 2009. Kwa sababu ya somo ninalofundisha, majirani huniletea redio, taa za sola na siku hizi ruta. Kwa yale niliyoyaona katika ruta hizo, nyingi hazikuwa zimekufa. Zilikuwa na njaa. Umeme uliozifikia ulikuwa unakatika au ulikuwa haba, na kilichotakiwa ni kubadilisha kitu kidogo tu, cha bei ndogo.

Jambo hili si la anasa. Mwenye duka la kutuma na kupokea fedha akikosa mtandao kwa dakika tano, mteja anakwenda duka la pili. Mwanafunzi anayesubiri fomu ya chuo hawezi kuambiwa asubiri ruta ipate nafuu. Na wako wazee kwetu ambao ndugu zao walibaki Mishamo, Katumba na Ulyankulu na kupewa uraia wa Tanzania. Wazee hao husikia sauti za ndugu zao kwa simu ya intaneti, kwa kuwa simu ya kawaida ya kuvuka mpaka inamaliza vocha upesi.

Tazama taa kwanza

Watu wengi husema "mtandao umekatika" kwa maradhi mawili yaliyo mbalimbali kabisa. La kwanza ni ruta yenyewe kuzima na kujiwasha upya. La pili ni ruta kubaki hai huku intaneti ikiwa haifiki. Dawa ya moja haiponyi jingine.

Kuyatofautisha hakuhitaji fundi. Intaneti ikikatika, usiguse kitu, tazama taa. Kama taa zote zimezimika kwa pamoja kisha zikaanza kuwaka moja baada ya nyingine, ruta imejiwasha upya. Huo ni ugonjwa wa umeme, wa joto au wa ruta yenyewe. Kama taa ya umeme haikutikisika, ila ile ya mtandao tu ndiyo imezimika au imegeuka nyekundu, basi tatizo liko kwenye laini, kwenye bando au kwenye mnara.

Usipokuwapo nyumbani, ruta hukutunzia kumbukumbu. Fungua ukurasa wake wa ndani kwa kuandika kwenye simu namba iliyobandikwa chini yake, ambayo mara nyingi ni 192.168.1.1, 192.168.0.1 au 192.168.8.1. Katika ruta nyingi utaona humo muda uliopita tangu iwashwe. Kama uliiwasha Jumatatu, na Alhamisi inakuambia imewaka kwa saa mbili tu, imejizima bila wewe kujua.

Plagi ya Kigoma, soketi ya Burundi

Mama mmoja anayeuza dagaa na mawese, na jioni hutoa huduma ya kutuma fedha, aliniambia: "Mwalimu, hii ni ruta ya pili mwaka huu. Ikizima tena naitupa ziwani." Nikamwomba, kabla ya kuitupa, aandike kwenye daftari saa ambayo inazima. Kwa siku nne aliandika mara 14, na zote zilikuwa kati ya saa 12 jioni na saa 4 usiku. Asubuhi haikuzima hata mara moja. Kifaa kilichokufa hakichagui saa za kuumwa. Jioni kulikuwa na jambo.

Jambo la kwanza lilikuwa plagi. Tanzania inatumia plagi ya pini tatu bapa, kama Uingereza. Burundi inatumia ya pini mbili za mviringo, kama Ubelgiji na Ufaransa. Umeme wenyewe hautofautiani kwa kiasi cha kudhuru, kwani kule ni volti 230 na huku ni 220, na adapta nyingi za ruta zimeandikwa kuwa zinapokea kuanzia volti 100 hadi 240. Shida ni kile kigeuzi cha plagi tunachonunua sokoni ili pini za Kigoma ziingie kwenye soketi ya Burundi. Vingi ni vya vibati vyembamba vinavyolegea upesi. Mtu akipita na kugusa meza, umeme unakatika kwa muda wa kupepesa jicho.

Taa ya kawaida ikikatikiwa hivyo humeta tu, na huenda usitambue. Ruta ni kompyuta ndogo. Ikikosa umeme hata kwa muda mfupi kuliko sekunde moja, inaweza kusahau ilichokuwa ikifanya na kuanza upya, na kuanza huko huchukua dakika moja hadi tatu. Dukani kwa yule mama, jioni ndiyo saa ya wateja kubanana na meza kusukumwa.

Tulipoweka kigeuzi kingine kinachobana vizuri, na kukichomeka ukutani moja kwa moja badala ya kwenye waya wa kurefushia uliokuwa na friji na chaja nne, kuzima kulipungua hadi mara moja kwa siku. Kulipungua, lakini hakukuisha.

Nitoe onyo hapa. Kigeuzi kikiwa cha moto ukikigusa, kikiwa na weusi kwenye matundu au kikitoa harufu ya kuungua, kitupe siku hiyo hiyo. Hapo tatizo si intaneti tena, ni moto ndani ya nyumba.

Adapta huzeeka

Jambo la pili lilikuwa adapta, kile kidude cheusi kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa umeme mdogo wa ruta. Ndani yake kuna vipande vinavyoitwa kapasita, vyenye umajimaji ambao hukauka kwa miaka, hasa penye joto kama huku kwetu kando ya ziwa. Adapta ya namna hiyo haifi ghafla. Inaendelea kuwasha taa, na ukiipima kwa mita ikiwa haijabeba mzigo utasoma volti 12 safi kabisa. Lakini watu wengi wakiingia kwenye mtandao, ruta inataka umeme zaidi, volti zinashuka, ruta inazima. Baada ya hapo inawaka tena kana kwamba hakuna kilichotokea.

Ndiyo maana kipimo cha kuaminika nyumbani ni kuazima adapta nyingine nzima na kuijaribu kwa siku tatu au nne. Hata hivyo, usichomeke tu kwa kuwa tundu limeingia. Soma maandishi yake na ufuate mambo matatu. Volti lazima zilingane: ruta ya volti 12 ipewe 12, ya 9 ipewe 9, ya 5 ipewe 5. Ampea zilingane au zizidi, zisipungue kamwe; ruta inayotaka ampea 1 yaweza kutumia adapta ya ampea 2, lakini inayotaka 2 ikipewa 1 itazimazima. Mwisho, kile kialama cha vijiduara chenye kujumlisha na kutoa kifanane kwenye adapta na kwenye ruta.

Yule mama aliazima adapta ya shemeji yake yenye namba zile zile. Siku tisa zikapita bila ruta kuzima. Alinunua adapta yake, ruta ikabaki ile ile.

Joto, na umeme wa sola

Kama adapta ni nzima na plagi inabana, gusa ruta. Vuguvugu ni kawaida. Ikiwa moto wa kukufanya uondoe mkono, inajizima kwa joto. Nimeziona juu ya televisheni, nyuma ya pazia, na zilizofunikwa kwa kitambaa cha kufuma ili zipendeze. Matundu ya pembeni ni ya kupumulia. Iondolee kitambaa, ifute vumbi, iweke mahali pa wazi pasipopigwa na jua.

Wanaotumia sola nao wana jambo la kuangalia. Betri inayoitwa ya volti 12 hufika volti 14 na zaidi wakati wa kuchajiwa mchana, na usiku ikiisha hushuka chini ya 12. Kuunganisha ruta moja kwa moja ni kuishibisha mno mchana na kuilaza njaa usiku. Weka katikati kidhibiti kinachotoa volti 12 zisizobadilika. Na penye umeme unaokatika mara kwa mara, kuna vibetri vidogo maalumu vya ruta vinavyokaa kati ya adapta na ruta. Hivyo huizuia isizime kila umeme unapoyumba.

Taa zinawaka, intaneti haipo

Ukiona ni ugonjwa wa pili, anza na lililo rahisi. Bando limeisha? Toa laini, itie kwenye simu, uulize salio. Kisha sogeza ruta karibu na dirisha linaloelekea mnara. Ukuta wa matofali na bati la paa hula mawimbi.

Walio karibu na mpaka wana tatizo lao peke yao. Minara haijui forodha. Ruta iliyo na laini ya Burundi ikiusikia mnara wa Tanzania una nguvu zaidi, inaweza kujaribu kuuhamia, ikakataliwa, ikarudi, na wewe ukaona intaneti inakuja na kutoweka. Laini ya Tanzania ikitumiwa upande huu hupata yale yale. Ingia kwenye ukurasa wa ndani, zima matumizi ya mtandao wa nje ya nchi, kisha chagua kampuni yako kwa mkono badala ya kuiacha ruta ijichagulie.

Kabla ya kulipa huko Kigoma, uliza pia kama ruta imefungwa kwa laini za kampuni moja. Ruta iliyofungwa huwaka taa zake vizuri, lakini laini ya Burundi haiikubali. Hiyo si mbovu, ila kwako haina kazi hadi ifunguliwe.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja

Wanafunzi wangu huwaambia hivi katika kila jaribio la fizikia. Ukibadilisha adapta, plagi na mahali pa kuweka ruta siku moja, ikipona hutajua kilichoiponya, na ikirudia utaanza upya. Badilisha kimoja, subiri siku tatu, andika. Daftari la kurasa chache linatosha.

Kile kitundu kidogo kinachobonyezwa kwa sindano kiwe cha mwisho. Kinafuta kila kitu, pamoja na neno la siri na maelekezo ya kuunganika na kampuni. Andika hayo pembeni kwanza. Kuhuisha programu ya ndani ya ruta nako kunasaidia mara nyingine, lakini kufanywe umeme ukiwa wa uhakika, maana ukikatika katikati ya kazi hiyo ruta inaweza isiwake tena. Na mvua ya radi ikikaribia, chomoa.

Ikiwa umeipa adapta nzima, plagi inayobana, hewa ya kutosha na laini yenye salio, na bado inajizima, hapo ndipo useme imekufa. Wenye maduka nao nawaomba: mteja akileta ruta inayozima, mchomekeeni adapta nyingine mbele yake kabla ya kumuuzia ruta mpya. Atakayeondoka na adapta tu leo atarudi kwenu kesho kwa mengine. Na wewe msomaji unayejiandaa kwenda Kigoma wiki hii, fanya kwanza jaribio la siku tatu. Nauli na bei ya ruta mpya vina kazi nyingine nyumbani.