Mitokondria na Sumu ya Muhogo Mchungu

Mitokondria ni viungo vidogo ndani ya seli, na humo ndimo chakula kinamogeuzwa kuwa nguvu. Seli moja ya moyo huwa nazo kwa maelfu. Seli nyekundu ya damu haina hata moja. Elektroni zinazotolewa kwenye sukari na mafuta hupokezanwa na protini za utando wa ndani hadi ziifikie oksijeni, na maji hutokea. Wakati huo protoni husukumwa upande wa pili wa utando, na zinaporudi hukizungusha kimeng'enya kinachounda ATP, nishati inayotumiwa na seli. Peter Mitchell wa Uingereza alieleza mwaka 1961 kwamba mtiririko huo wa protoni ndio unaowezesha kuundwa kwa ATP, wengi wakakataa, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1978.

Sianidi hukishika kimeng'enya cha mwisho katika mpokezano huo, kile kinachoikabidhi oksijeni elektroni. Hapo damu hufika na oksijeni tele, lakini seli haiwezi kuitumia.

Muhogo mchungu una linamarini, ambayo hutoa sianidi mzizi unapopondwa. Kuloweka, kuvundika na kuanika huiondoa, na ni elimu kubwa ya jikoni iliyotangulia maabara. Sianidi kidogo inayobaki hugeuzwa na kimeng'enya kilichomo ndani ya mitokondria zenyewe, ikawa thiosianati na kutoka kwa mkojo. Lakini kazi hiyo hutaka salfa, nayo hutokana na protini za vyakula kama samaki, nyama na mayai.

Ukame huvunja kinga zote mbili: muhogo huongezeka sumu, njaa hufupisha siku za kuloweka, na kitoweo hukosekana. Hapo ndipo huzuka konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla, hasa ya watoto na ya wanawake walio katika umri wa kuzaa. Jina hilo ni la Kiyaka, lugha ya Kwango nchini Kongo, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Tarime, Tanzania, ilikumbwa nao mwaka 1985. Ulemavu wake hauponi.

Kinga, kwa bahati njema, ni rahisi. Unga wa muhogo mchungu utiwe maji, utandazwe kwa tabaka jembamba juani kwa saa 2, au kivulini kwa saa 5, sianidi ipae. Kisha usongwe ugali siku hiyohiyo.