Tairi za Pikapu ya Kikundi: Someni Ubavu Kabla ya Kulipa

Vikundi vingi vyenye pikapu ya kubebea mazao, vikienda kununua tairi, huanza kwa kuuliza bei. Sisi twasema anzeni na ubavu wa tairi.

Chukueni gari lenye rimu za inchi 14. Tairi iliyoandikwa 195R14C ina ile C kwa sababu ni ya gari la mizigo. Baada yake mtaona 106/104. Hiyo 106 ni kusema tairi moja hubeba kilo 950. Sasa tazameni 185/70R14 ya gari dogo, yenye namba 88: mwisho wake kilo 560. Mbili za nyuma ni kilo 1,120 tu, na humo kuna uzito wa gari lenyewe! Pakieni kabichi tani moja, barabara ni ya mawe, basi itapasuka, pengine mteremkoni na watu wako juu ya mzigo.

Halafu ulizeni umri. Karibu na herufi DOT, tarakimu nne za mwisho zikiwa 3518, tairi ilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2018. Mpira huzeeka hata ukikaa dukani. Mkiona nyufa ndogo ndogo, iacheni, hata kama meno yangali marefu. Za mitumba ndizo hudanganya watu hapa, maana hung'arishwa zikang'aa kama mpya.

Pesa zikitosha mbili tu, nunueni zinazofanana, mzifunge nyuma. Upepo pimeni asubuhi kabla gari halijatembea.